Kaka Fide, Gari Hatukuliinua

Kaka Fide,

Gari hatukuliinua. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeuliza habari za gari kabla ya kuuliza habari za watu. Hata ulipolazwa Mpanda, na dripu mkononi, uliniuliza kama nimeliegesha kivulini.

Tangu tukuzike, masika yamekuja na kuondoka. Mama yupo, magoti tu yanamsumbua. Wifi Anjelina anavaa koti lako la mvua akienda kupalilia. Linamburuta hadi miguuni, na hakuna aliyethubutu kumwambia avae jingine. Binti yako Neema anawafokea mbuzi kwa sauti yako kabisa. Siku ya kwanza nilipomsikia nilitoka nje mbio.

Gari naendesha mimi. Mwanzoni watu hapa Katumba walikuwa wakiniuliza, "Dereva yuko wapi?" nami nimeshika usukani. Sasa wamezoea. Kazi ni ileile uliyoiacha: mahindi na tumbaku wakati wa mavuno, na wagonjwa wakati wowote.

Baada ya mavuno springi ya nyuma ilikatika njia ya Litapunga, gari likiwa na magunia. Tulikaza kipande cha mbao kwa kamba za mpira, tukajikokota hadi Mpanda kwa fundi wako Magembe. Aliingia chini ya gari, akatoka anafuta mikono. "Zimechoka zote, dada," akasema. "Usinunue moja moja. Amua sasa unataka gari la namna gani."

Nikajua ungejibu nini. Ulikuwa na picha za magari yaliyoinuliwa kwa springi ndefu kwenye simu nzima. Unakumbuka pale Sitalike, kwenye lango la hifadhi, ulivyochuchumaa chini ya gari la watalii ukikagua springi zake hadi askari akaja kukuuliza umepoteza nini? Ulirudi kwangu unacheka: "Yusta, siku moja letu litasimama hivi. Mto utapita chini, sisi tunapita juu."

Nyumbani hakukuwa na ubishi. Anjelina alisema, "Hizo springi ndefu alizitaka yeye. Tumpe hata hilo." Mama akaitikia kwa kichwa. Hela ya tumbaku ilikuwepo. Nikarudi kwa fundi nikiwa nimeshaamua.

Magembe hakunikatalia. Alizisifia. Kwamba zinabeba mzigo mzito bila kulala, kwamba gari likikaa juu mawe hayaligusi tumbo. Halafu akanieleza na upande wa pili. Bei yake ni ng'ombe wa maziwa na ndama wake. Zinataka shokapu zake ndefu na bushi zake za mpira, na hapa Mpanda hazipo. Zikiisha unaagiza Dar, gari linakaa juu ya magogo likisubiri. Na kwa matope yetu zitaisha mapema. Kila ukitoka safari ngumu uingie chini, ukaze nati upya.

Yote hayo nilikuwa tayari kuyabeba, kaka. Nilikuwa nimeshashika pochi. Sijui kwa nini nikauliza, "Na mgonjwa akilala nyuma?"

Akanijibu: "Zile ni ngumu. Zimetengenezwa kwa ajili ya mzigo. Gari likiwa tupu, na mtu mmoja tu kwenye godoro, zitamrusha."

Nilikaa juu ya tairi lililokuwa pale.

Niliiona ile siku tena. Wewe umelala nyuma, tumbo limekaza kama ngoma, Anjelina amekushika kichwa. Toka nyumbani hadi lami, kila shimo uliita jina langu. Hukupiga kelele. "Yusta." Kimya. "Yusta." Kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo. Nikienda polepole unaumia, nikiongeza mwendo unaumia. Tulipofika lami ukasema, "Ahsante." Ahsante, kaka! Kama abiria niliyemwokota njiani. Madaktari walihangaika na wewe, nami nilikuwa nje kwenye benchi, hilo neno halinitoki. Sijamwambia mtu hadi leo.

Nikamwambia Magembe aweke springi laini, na shokapu nzuri mpya. Akanionya: "Basi mzigo upunguze. Ukilijaza kama zamani, zitakatika tena." Kwa hiyo tumbaku ya mashamba ya mbali siku hizi inabebwa na lori la jirani. Kipato kimeshuka, nisikufiche. Bati la jiko la Mama litasubiri mavuno mengine.

Kumweleza Anjelina ndiyo ilikuwa kazi. Nilimkuta anapukuchua maharage. Nilidhani atasema nimekunyang'anya kitu chako cha mwisho. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Ile siku tungekuwa na hizi, angeumia kidogo?"

Nikasema, "Angeumia. Ila kidogo."

Akaendelea na maharage. Baadaye akasema, "Basi wifi, umefanya vizuri," akajifunika uso kwa kanga.

Masika haya yaliyoisha nilimchukua binti mmoja Litapunga, uchungu wa mtoto wa kwanza, mama yake akiwa naye nyuma. Kijito kilikuwa kimejaa. Tulikwama katikati, wanaume wakaingia majini kutusukuma, maji yakaingia hadi miguuni pangu. Gari la juu lingepita, najua. Nilikuwaza wewe, nikakasirika na uamuzi wangu mwenyewe.

Tukatoka. Mbele kidogo, kwenye yale makorongo mabaya kuliko yote, nikasikia mama wa binti anagonga paa la kichwa cha gari. Nilifunga breki. Nikachungulia dirishani: "Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu," akasema. "Twende tu. Nilitaka kukwambia amesinzia."

Amesinzia, kaka. Kwenye barabara ile. Niliendesha nikilia hadi lami, na sikuwa na mkono wa kujifuta. Alijifungua salama, mtoto wa kike, ana nywele nyingi.

Sijui kama wewe ungeniunga mkono. Pengine ungenuna siku nzima, kisha ungeingia chini ya gari kukagua kama Magembe amekaza vizuri. Natamani ungenuna. Natamani nikusikie hata ukigomba.

Basi pumzika, Kaka Fide. Mama anakuombea kila jioni kwa Kirundi, lugha ya kwao, Anjelina anakusalimu, watoto wamelala. Ninakuahidi hili: mgonjwa akinisimamisha njiani, mzigo nitaushusha palepale, hata uwe wa nani, na yeye nitamlaza.

Mdogo wako,
Yusta