Mjukuu Wangu Amenizika Katika Insha

Lester mpendwa wa safu ya ushauri, nakuandikia nikiwa hai, na hilo ndilo tatizo langu, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa.

Mjukuu wangu Emmett ana miaka kumi na saba na ameomba nafasi katika chuo kimoja kidogo huko Vermont, vile vyuo vya kusoma kila kitu kidogokidogo, falsafa na nyota na mashairi, na katika waombaji kumi huchukuliwa mmoja, na kila mmoja lazima aandike insha ya maisha yake, sasa mwalimu wake akamwambia, "Emmett, maisha yako hayana msiba," naye akaenda akautengeneza, akaandika kwamba nilifariki mwezi wa tano nikiwa nimemshika mkono, nikimwambia, "Mjukuu wangu, mto hauombi ruhusa kwa mawe," ilhali mwezi wa tano nilikuwa hospitali nabadilishwa goti na nilichomwambia ni, "Nisogezee hiyo televisheni, halafu mbona umekonda?" Nilipoisoma nililia, Lester, nilimlilia yule bibi mpaka nikafika penye jina langu.

Basi chuo kikamtuma mama mmoja aliyesoma huko zamani, Bi. Ostrander, aje azungumze naye, na Emmett akanifisha upya mbele yake, na mama wa watu akaleta kadi ya rambirambi, akaandika kwamba Ijumaa hii atakuja kanisani kwetu kwenye mauzo ya chakula ya Kwaresima, aonje pierogi, zile sambusa za Kipolandi za viazi, alizokuwa akikaanga marehemu. Anayekaanga ni mimi. Mwaka wa thelathini na moja huu. Binti yangu Darlene anasema, "Mama, si ukae ndani tu mpaka majibu yatoke?" nikamuuliza, "Halafu nifufuke Pasaka?" hakucheka. Nikisema ukweli mtoto atakosa chuo, nikinyamaza nimekufa, na kinachoniuma zaidi ni kwamba yule marehemu anaongea vizuri kunishinda.

Stasia, Pennsylvania

Bibi Stasia, pole kwa kufiwa na wewe mwenyewe.

Mimi shule niliiacha darasa la kumi, lakini nimeendesha lori majimbo arobaini na manane, na vyuo hivyo vya kifahari vyenye mimea inayotambaa ukutani nimevipelekea vitanda, kwa hiyo navijua kwa ndani, hasa ngazi. Na uongo huu naujua. Mjomba wangu Virgil nilimuua mara tatu ili nipate ruhusa kazini. Mara ya tatu bosi alipiga simu nyumbani kutoa pole. Virgil akapokea, akamshukuru vizuri, akaniita: "Lester, njoo, simu yako. Ni kuhusu mazishi yangu."

Sasa nisikilize. Darlene mwambie aone haya, mama mzazi hafungiwi kabatini kama sahani za wageni. Na wewe acha kumwonea wivu maiti. Hayo ya mto na mawe hata mimi ningeyatunga nikiwa kwenye foleni ya mafuta. "Mbona umekonda" husemwa na mtu aliyekuangalia.

Mkalishe Emmett leo, kabla hajala. Aandikie chuo kwa mkono wake: niliyoandika si kweli, bibi yangu yu hai. Mwalimu asimtaje kama kisingizio. Kisha ampigie Bi. Ostrander mwenyewe, asimtume mama yake. Akimaliza aandike insha ya pili, ya goti na televisheni, aitume, waisome wasiisome. Sikudanganyi, Bibi, nafikiri watamkataa. Atalia wiki mbili. Vyuo viko vingi, hata vyenye mimea ukutani. Bibi anaye mmoja, na huyo tayari kamtumia mara moja.

Ijumaa funga aproni yako, simama penye kikaango chako. Bi. Ostrander akija, Emmett ndiye ampelekee sahani, aseme kwa mdomo wake, "Bibi yangu ndiye huyu." Wewe usihutubu. Muulize mgeni kama anataka vitunguu. Na ukiona mama huyo bado amesimama tu na sahani mkononi, mwambie amekonda.