Mishumaa Niliyoipuliza kwa Babu Yakobo

Babu Yakobo wangu,

Shikamoo. Tumeoana, Babu! Mimi na Hamisi, Ijumaa iliyopita, nyumbani kwa Mama. Hina bado inang'aa mikononi, kila nikiitazama nacheka peke yangu. Ungekuwapo ungesema, "Bibie, punguza meno."

Jana nilipita mtaani kwako, Raskazone. Nyumba yako ina wapangaji wengine. Nikaliona lile dirisha la sebuleni, machozi yakanitoka.

Unaikumbuka Ijumaa ile? Ulikuwa umeirudia dini ya Kiyahudi ya wazazi wako, baada ya miaka mingi ya kukaa kwenye zikri na masheikh ukimtafuta Mungu. Majirani walikutania, "Mzee, unabadili dini na mvi hizi?" Nawe ukawajibu, "Sibadili. Narudi nyumbani."

Mimi, mtoto wa jirani uliyeniita mjukuu, nilikuletea wali wa Mama, nikakuta mishumaa miwili inawaka, nawe umesinzia kitini. Nikaogopa nyumba itaungua. Nikaipuliza!

Ukaamka gizani. Kumbe Sabato imeshaingia, huruhusiwi kuwasha moto wala taa, wala kumwomba mtu akuwashie. Nikaogopa hata kugusa swichi. Wewe ukacheka: "Haya, bibie, leo tunakula kwa kupapasa."

Ndipo Hamisi, kijana aliyezoea kukuletea samaki, akaingia na samaki wako, akajigonga kwenye stuli. "Lo! Luku imeisha?" Nikaangua kicheko. Ukamweleza kwamba huwezi kumwomba awashe, ila akitaka taa kwa haja yake mwenyewe, shauri yake.

"Basi nawasha," akasema, "nimwone huyo anayenicheka."

Akawasha. Babu, mpaka leo ananitazama vile vile!

Tukiwa tunakula ukatuambia hofu yako. Kwenu mtoto humwashia mzazi mshumaa kila mwaka, siku aliyofariki, nawe hukujaaliwa mtoto. "Nimechelewa kurudi," ulisema. "Nani atakumbuka kwamba nilirudi?" Nilikusogezea mkate tu.

Leo jua likizama unatimiza mwaka tangu ufariki. Hamisi wangu amenunua mshumaa mnene, wa kuwaka usiku na mchana. Tumeuweka ndani ya bilauri, kwenye meza yetu mpya. Sala zenu sizijui, Babu. Nitakaa nao tu, na atakayeuliza nitamwambia ni wa babu yangu aliyerudi nyumbani.

Kwaheri, kipenzi changu. Tutauwasha kila mwaka, na watoto wetu tutawafundisha. Hata usingizi ukinishika, nitauacha uwake.

Safari hii sipulizi.

Mjukuu wako,
Zuhura