Guta Lisilo na Mlio

Kamuli, Kyerwa
9 Novemba 2025

Kaka yangu Dastan,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi pamoja na watoto, na joto la huko Morogoro lisiwe limewachosha. Sisi hatujambo. Kahawa tumeshachuma yote, senene wameanza kuanguka kwenye taa za usiku, na leo Mama amekwenda kanisani mwenyewe kwa fimbo yake. Anakusalimu sana.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Jambo hili sikuliweza kwenye simu.

Lile guta la umeme la magurudumu matatu ulilonikataza kununua linafanya kazi. Nalichaji kwa sola iliyo juu ya ghala la kikundi chetu cha kahawa, kisha nabeba ndizi hadi sokoni Nkwenda na kurudi bila tone la petroli. Petroli ilipoadimika mwezi wa nane, bodaboda walikaa nyumbani, nami nikawapeleka wajawazito wawili zahanati. Mlimani linapanda na magunia matano. Polepole, lakini linapanda. Sasa kikundi kinataka kuagiza mengine sita, na mwenyekiti wetu, Mzee Gaspari, ameniomba Alhamisi niwaeleze wanachama uzuri wake na ubaya wake.

Uzuri ninao wa kutosha. Ubaya ni mmoja, na ndio ulionishikisha kalamu.

Kaka, Mama hakuteleza kibanjani kwenye migomba kama nilivyokuambia. Nilimgonga mimi. Ilikuwa asubuhi, Julai ile, nateremka njia ya nyumbani, naye yuko mbele na kapu la maharage, amenipa mgongo. Pikipiki mtu huisikia tangu mbali akapisha. Guta hili halina mlio. Nilidhani amenisikia, na nilipogundua sivyo, breki zilikuwa zimechelewa. Nilimbeba kwa guta hilohilo hadi hospitali, na njia nzima yeye ndiye aliyenibembeleza mimi. Akaniambia, "Mwambie kaka yako nimeteleza. Akijua atakuja kuliuza, nawe utarudi kubeba mikungu kichwani." Nikatii. Lakini aliyekudanganya ni mimi, si yeye.

Fundi ameshanifungia king'ora kidogo kinacholia chenyewe gurudumu likianza kuzunguka. Alhamisi nitasimama niseme lisinunuliwe hata moja lisilo na mlio, na nitaeleza sababu, nikitaja jina la Mama na langu. Kamuli nzima itajua. Sikutaka wajue kabla yako.

Ukikasirika una haki. Ukija Krismasi na maneno makali nitayapokea nimepiga magoti. Ila guta siliachi, kaka. Kesho alfajiri nina mikungu thelathini ya kupeleka Nkwenda.

Wape watoto salamu za shangazi yao, na wifi mwambie senene wake nitawakaanga niwatume na basi. Mama hajui kwamba nimekuandikia. Nitamsomea barua hii yote kabla sijaifunga.

Ni mimi mdogo wako,
Vero