Neno la Kiongozi Wetu

Mama mdogo mpenzi,

Hapa kambini baridi inauma hadi kwenye meno, na soksi ulizonifumia wenzangu wote wanazitamani. Tangu tuanze kuupanda mlima, kiongozi wetu hana wimbo mwingine: "Polepole, jamani, polepole." Baba akamjibu, "Mwendo huo mimi nimezaliwa nao." Tukacheka sana.

Jana baba aliishiwa pumzi. Kiongozi na wapagazi wakamteremsha kwa machela, sisi tukakatazwa kushuka mpaka ukungu uondoke. Nimeshinda mlangoni mwa hema nikitazama njia.

Sasa hivi kiongozi amerudi. Amevua kofia, akaniambia, "Pole, dada." Neno lake lilelile, leo kalikata nusu.

Usimwambie mama kitu, mpaka nipate nguvu ya kuuliza.

Mwanao