Watoto Wanne wa Zikomo

Lusaka,
Jumapili, baada ya ibada

Kaka Ambokile,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na Mama alitulea hivyo, ingawa leo shikamoo yenyewe nimeiandika kwa shida. Hujambo? Wifi hajambo? Maharage yameshikaje huko Ileje mwaka huu? Mimi mwili ni mzima, kazi ipo, unga upo. Habari za moyo utazisoma humu humu.

Barua yako ya mwezi uliopita nimeipata. Dereva wa lori anayetubebea barua aliniletea mpaka getini hapa ninapofanya kazi, nyumba ya kutunza mbwa na paka waliotupwa na wenyewe. Kwa furaha niliifungua palepale, ndoo ya chakula cha mbwa ikiwa bado mkononi. Wenzangu wakataka habari za mbwa wetu Zikomo, maana wao pia walimlea. Basi nikaanza kuwatafsiria kwa sauti, kwa Kibemba changu cha kuokoteza. "Mama anaendelea vizuri. Zikomo humtangulia kila Jumapili hadi kanisani. Tena Zikomo amezaa watoto wanne, wazuri sana, Mama anashinda nao uani."

Nilisoma mpaka mwisho kabla ya kujisikia ninachosema. Mulenga, ambaye tunafanya naye kazi, ndiye aliyeanza kucheka.

"Awe, ba Atu," akasema, yaani hapana, dada Atu, "amezaa vipi? Si tulimfunga kizazi pale mezani, wewe mwenyewe umemshika miguu?"

Nilimshika miguu, kaka. Hapa hakuna mbwa jike anayetolewa kwenda kwa mtu kabla ya kufanyiwa operesheni hiyo, ili wasizaliwe wengine wa kutupwa. Daktari alimshona, mimi nikawa namsafisha kidonda mpaka kikapona. Zikomo hawezi kuzaa hata mmoja, sembuse wanne.

Najua kwa nini hukulijua hilo. Siku uliyokuja kumpokea pale Tunduma nilikueleza mengine yote: asifungwe mnyororo, asiuzwe, asipewe mtu mwingine, apigwe sindano ya kichaa cha mbwa kila mwaka. La kizazi nililiruka. Wewe ni kaka yangu mkubwa, na kwetu mtu hatamki maneno hayo mbele ya kaka yake. Tena mimi, niliyerudishwa nyumbani kwa kukosa mtoto, ndiyo nisimame katikati ya malori nikuelezee mambo ya vizazi? Niliona haya. Kumbe haya yangu ndiyo imekuumbua.

Ulivyocheka siku ile bado nakusikia. Uliishika karatasi yake ya chanjo, yenye muhuri, ukasema, "Loo, mbwa ana karatasi za kuvukia mpaka! Mimi kaka yako sina hata moja." Nikacheka mpaka machozi. Zikomo akakunusa viatu, akakalia mguu wako, nawe ukasema, "Huyu ameshakuwa wa kwetu." Nilikuamini papo hapo. Nilirudi Lusaka nimekaa juu ya magunia, namshukuru Mungu kwamba macho ya Mama yamepata msaada.

Unajua nilivyomhangaikia. Aliokotwa nyuma ya nyumba iliyohamwa, kamba imemla shingo, na kwa miezi mingi alikuwa hamkaribii mtu ila mimi. Nilimfundisha kutembea hatua mbili mbele, kusimama penye jiwe au mtaro, na kungoja. Yote hayo kwa ajili ya Mama, ambaye siku hizi haoni ila vivuli. Watu walikuja na magari yao kumtaka, wakakataliwa. Madamu mwenye nyumba hii hamtoi mbwa bila kwenda mwenyewe kukagua anakopelekwa, na Ileje asingeweza kufika. Nikamwambia, "Kaka yangu ndiye jicho langu kule." Akaniletea fomu, nikatia sahihi kwa niaba yako.

Jumatatu aliniita ofisini. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alifungua daftari penye jina la Zikomo, akaniuliza, "Yuko wapi?" Nikamjibu kwamba sijui. Akaliandika jibu hilo mbele yangu.

Baadaye nikazitoa barua zako zote nne, nikazisoma upya. Katika ile ya pili umeandika kwamba umepata mbuzi wawili kutoka Kamsamba, kwa yule rafiki yako mfugaji unayechukua mpunga kwake. Hukusema umewapataje. Nami nakumbuka ulivyokuwa ukisimulia kwamba wafugaji wa kule bondeni wakimwona mbwa asiyeogopa fisi hawamwachi, wako tayari kubadilishana hata kwa mbuzi. Kwa hiyo nahisi Zikomo yuko zizini kwa watu, kwenye joto la Kamsamba, kama bado yu hai, na mafunzo yangu yote hayana kazi. Kama nimekosea, nisahihishe. Lakini usinisahihishe kwa watoto wanne.

Umenisaliti, kaka. Nimetafuta neno la adabu zaidi nimelikosa. Ungeniandikia kwamba mbwa ametoroka, ningelia yakaisha. Ungesema shida ilikubana, ningekuelewa, shida naijua. Wewe ulikaa chini ukanitungia hadithi, ukaitia chumvi, ukamwekea na Mama maneno mdomoni: "Mama anasema watoto wanamchekesha sana wanapomvuta khanga."

Mama hasomi wala haandiki. Tangu nimeondoka, kila neno lake limenifikia kwa mkono wako. Ni wewe uliyeandika kwamba anakula vizuri, na kwamba kile kikohozi kimekwisha. Ni wino uleule, ukurasa uleule na watoto wa Zikomo. Sasa niamini mstari gani?

Ningeweza kumwandikia mwinjilisti aende nyumbani akaangalie. Sijafanya hivyo, kwa sababu sitaki uaibike mbele ya kanisa. Heshima hiyo nimekubakizia.

Msalimie wifi, kitenge alichoniagiza nimempa dereva. Msalimie na shangazi yetu, dada wa marehemu Baba, mwambie dawa ya miguu bado naitafuta.

Mama simpelekei salamu kupitia kwako. Dereva atakayekupa barua hii hapo sokoni Tunduma, unapouzia mpunga wako, anateremka Dar, na atapita tena baada ya wiki mbili. Chukua karatasi tupu, usiandike neno hata moja. Mpake Mama wino kwenye dole gumba la kushoto, lile lenye kovu alilolipata akinimenyea muwa nikiwa mdogo, aligandamize kwenye hiyo karatasi, umpe dereva aniletee. Kovu lile nalijua mimi kuliko mtu yeyote. Karatasi isipofika naacha kazi nije, na sitapitia sokoni kwako.

Habari za Zikomo tutazungumza siku nyingine. Kwanza nataka kujua kama nina mama.

Mdogo wako,
Atupele