Leo Banafunga Mifupa ya Mguu Yangu

Mama Colette,

Nimeenda ku hopitali mbele urudi kutoka ku soko. Mboga ya sombe iko ku moto ya mbabula, uiangalie isiungue.

Asubui uliniuliza: «Kama mguu ingali inatembea, juu ya nini baipasue?» Nikakujibu vibaya: «Mguu si yako.» Ukachukua kitunga, ukatoka bila kuniaga. Unisamehe. Ilikuwa woga tu.

Sikukuambia yote. Munganga alisema unyayo yangu ni bapa na imekauka, haipindike. Kuikanda ao viatu vya dawa haviwezi kuirudisha tena. Atapasua, atapanga mifupa vizuri, ataifunga na vis, misumari ya chuma ya kukaza, mpaka ishikamane. Maumivu itapunguka, lakini kisigino haitageuka tena kuume wala kushoto. Na platre ngumu ya kufunga mguu, miezi tatu.

Akaniuliza: «Bibi yako, mama ya batoto, amekubali?» Nikasema ndiyo. Nilimudanganya, na tangu pale roho haitulie.

~~Usikuje leo, ubaki na batoto.~~ Kuya. Bataniingiza ku chumba ya kupasulia saa tano. Bakikuuliza kama umekubali, sema ile iko mu roho yako, hata kama ni hapana. Lakini nikuone kwanza mbele banilalishe na dawa.

Baba Colette