Maji Yanayotoka Pipani Bila Kuguswa

Mpendwa mshauri Mama Jovia, naomba msaada na naomba upesi, maana Jumapili baada ya ibada watu wanakuja nyumbani na mimi ndiye niliyewaita. Mimi ni Mganda, nimeolewa na Lomoro, tunakaa mtaa wa Atlabara, nchini kwao, na kama unavyojua maji hapa ni ya kununua, gari la maji haliwezi kuingia uani, kwa hiyo Lomoro alinunua mpira mrefu wa kutoka getini hadi kwenye mapipa yaliyo juu ya matofali karibu na jikoni, tunajaza moja baada ya jingine, na kwenye lile la mwisho tunaufunga mpira kwa waya, ncha yake ikiwa ndani chini kabisa ya pipa, usiruke, dereva akimaliza anachomoa upande wake anaenda zake. Wiki ile ile tuliyonunua mpira ndiyo wifi yangu Suzan alirudi kutoka kambi ya wakimbizi Uganda akaja kukaa nasi, na tangu hapo pipa la mwisho nalikuta tupu, mengine yamejaa, lile tupu, nikasema ni yeye anayewagawia rafiki zake, nikamsema mbele ya wapangaji wote, akalia, akaapa hajagusa, mimi nikaona ni machozi ya mwizi, na Lomoro akanyamaza tu.

Jana nikaamua kulinda. Gari lilipoondoka nikaketi mbele ya pipa, mchana kweupe, Suzan yuko kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, na banange, Mama, nimeona kwa macho yangu maji yanashuka. Hakuna mtu, hakuna tundu, chini ya pipa pakavu, nimepapasa pande zote, na maji yanashuka tu kama kuna kinywa kinayanywa. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja, tukasimama tunatazama hadi yakaisha, na hapo nikaelewa, nikasema kwa sauti mbele ya wote, kwamba huyu binti si mwizi, ni mchawi, anayachukua akiwa mbali. Nikampigia mchungaji, nikawapigia wazee wa ukoo wa Lomoro, na wamesema asipokiri Jumapili hatalala tena hapa, anarudishwa kambini, na kule hana mtu, mama yao alishafariki. Leo asubuhi ameniletea chai akaniuliza, "Wifi, nimekukosea nini?" Nimeshindwa kuinywa. Namwogopa, na kumfukuza pia naogopa. Nifanyeje?

Kisakye, Atlabara

*

Kisakye, nimebaki mdomo wazi, na si kwa sababu ya maji. Pole kwa hofu, hata mimi ningepiga kelele. Lakini ule mpira uliofungwa hadi chini ya pipa, wakati umeketi unalinda, uliutoa? Hukuutoa. Na upande aliouchomoa dereva, ulianguka wapi? Getini, chini, mferejini. Nenda kautazame. Maji yako yote yalipitia huko.

Najua utasema maji hayapandi ukingo wa pipa yenyewe. Yanapanda. Dereva alipochomoa, mpira ulibaki umejaa maji. Chukua kitenge ukitundike kwenye kamba ya nguo, upande mmoja mfupi, mwingine mrefu, uone kama ule mrefu hautashuka ukauvuta ule mfupi juu ya kamba mpaka chote kianguke. Maji ya mpirani ni hivyo hivyo: ya upande wa getini yako chini zaidi, yanashuka, na hewa inayokandamiza maji ya pipani inayasukuma yafuate nyuma. Mapipa mengine hayaishiwi maji kwa sababu hayana mpira ndani. Vijana wanaouza petroli barabarani umewaona wakivuta kwa mdomo mara moja tu, kisha inatoka yenyewe, na hujawahi kuwaita wachawi.

Usiniamini mimi. Weka beseni la maji juu ya kiti, jaza kipande cha mpira maji, ziba ncha zote mbili kwa vidole, zamisha moja ndani ya beseni, nyingine ishushe chini ya kiti, kisha achia zote. Yatatoka. Inua polepole ile ncha ya nje, mdomo wake ukitazama juu: ikipita usawa wa maji ya beseni, yanagoma. Ishushe, yanatoka tena. Rudia mpaka mkono wako uzoee.

Sasa nikugombeze. Suzan alikuja wiki ile ile na mpira, mbona mpira hukuushuku? Alipokuwa nyumbani ulimwita mwizi. Ulipohakikisha kwamba hayupo, badala ya kumwondolea kosa ukamwongezea kubwa zaidi. Angekuwa wapi, Kisakye, ili asiwe na hatia? Binti ametoka kambini kuja kwa kaka yake, na kaka yake amekaa kimya. Mwambie Lomoro nimelisikia hilo pia.

Kuanzia leo mpira utoke pipani kabla dereva hajachomoa upande wake. Khalas, la maji limekwisha. Suzan umwombe msamaha leo, wewe na Lomoro pamoja. Na watu wa Jumapili usiwapigie simu kuahirisha. Waje. Weka beseni katikati, washike mpira kwa mikono yao, mchungaji awe wa kwanza. Wakiuliza ni nani aliyemwita binti huyu mchawi, usitaje shetani wala jirani. Neno lile ulilisema kwa sauti, mtaa mzima ukasikia. Sema "ni mimi, nilimkosea" kwa sauti ile ile, Suzan akiwa ameketi kando yako.